Samaki Aleaye Wanawe Kinywani

Bibi mmoja, msomaji wetu wa Malolo katika Wilaya ya Ruangwa, nchi ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Nachingwea, ametuletea barua yenye swali la dini na swali la elimu kwa pamoja. Anasema kwamba mchuuzi wa pikipiki alipita kijijini na sanduku la barafu, akiuza samaki wabichi kutoka Lindi. Naye, kwa kuwa samaki mbichi wa baharini si kitu cha kila siku huko bara, akanunua mmoja mnene, mwenye kichwa kipana na masharubu, asiye na gamba hata moja. Alipompasua kichwa ili amtengeneze, zikadondoka siniani duara saba za manjano, kila moja kama gololi wanazochezea watoto, na ndani ya mbili katika hizo kulikuwa na kitu chenye macho mawili meusi. Mama mkwe wake akasema kwamba samaki yule amewala watoto wake mwenyewe, basi nyama yake ni haramu. Jirani akaongeza kuwa hiyo ni kazi ya wachawi. Mume akakata shauri kwamba samaki asiye na magamba haliwi kwa vyovyote. Samaki akatupwa, fedha zikapotea, na nyumba nzima ikalala kwa ugali na mlenda. Na tangu siku ile, anasema bibi huyu, mama mkwe wake hapokei chakula kutoka mkononi mwake, kwa sababu alithubutu kuuliza mbele ya watu ni aya gani iliyoharamisha.

Tumeona kwamba barua hii haifai kujibiwa kwa mistari miwili. Nyumba imeingia fitina kwa ajili ya samaki asiyejulikana, na huenda ziko nyumba nyingine ambazo zimewahi kumtupa kwa sababu hizo hizo.

Tuanze na jambo la halali na haramu, kwani ndilo lililowakosanisha. Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Sura ya Tano, Suratul Maida, aya ya 96, ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake, wala hakutaja sharti la magamba. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabaharia juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, alijibu kwamba maji yake ni tohara na maiti wake ni halali, hadithi hii ameipokea Abu Huraira, nayo imo katika Muwatta wa Imamu Malik na katika Sunan ya Abu Daud. Kisha kuna habari mashuhuri ya jeshi la watu mia tatu waliotumwa pwani chini ya Abu Ubaida bin al-Jarrah. Chakula chao kilikwisha hata wakala majani ya miti, ndipo bahari ikawatupia ufukweni mnyama mkubwa mno aitwaye ambari, wakamla siku nyingi, na waliporudi Madina Mtume (S.A.W.) naye akala katika nyama ile. Aliyeisimulia ni Jabir bin Abdillahi, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Sasa tuulize: ambari, ambaye ni nyangumi, ana magamba? Hana hata moja.

Basi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani yetu na wa Kusini, samaki wa namna zote ni halali, mwenye magamba na asiye nayo. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa nao hula kila samaki, ila humkataa yule aliyekufa mwenyewe akaelea juu ya maji. Walioweka sharti la magamba ni ndugu zetu wa madhehebu ya Jaafari, nao wana hoja zao na wanavyuoni wao. Hatuna haja ya kubishana nao, na mgeni wa madhehebu hayo akifika nyumbani ni adabu njema kumpikia changu au kolekole. Yaelekea kwamba mume wa bibi wa Malolo alisikia neno hilo mahali fulani, labda dukani, akalichukua bila ya kujua limetoka wapi. Hilo si ajabu, kwani maneno ya mezani husafiri kuliko vitabu.

Ama zile gololi zilizotoka kinywani, hapo ndipo penye ajabu yenyewe.

Samaki yule, kwa sifa alizopewa, ni hongwe, ambaye wengine humwita fumi. Wataalamu wa viumbe humweka katika jamii iitwayo Ariidae, nayo imeenea katika bahari zote za joto, kutoka pwani yetu hata Bara Hindi, Australia na Marekani. Mmoja katika jamii hiyo aliye wa Afrika Mashariki hasa huitwa Arius africanus. Jina hilo alipewa na Albert Günther katika kitabu cha samaki wa Zanzibar alichokiandika pamoja na Robert Lambert Playfair, kikatoka mwaka 1867. Jamaa yake mwingine, mkubwa zaidi, ni Netuma thalassina, ambaye alielezwa kwanza na Eduard Rüppell mwaka 1837 kutoka Bahari ya Sham, mahali paitwapo Massawa.

Watu wa Malolo hawana haja ya kwenda mbali ili kumfahamu, kwa sababu wanamjua binamu yake. Kambale wa Mto Mbwemkuru na wa madimbwi yanayobaki masika yakiisha ni wa kabila kubwa lile lile la samaki wenye masharubu, ngozi tupu na utelezi. Tofauti zao zaonekana kwa macho. Kambale ana sharubu nane na mkia wa mviringo, na pezi lake la mgongoni ni refu, laini, lisilo na mwiba. Hongwe kwa kawaida ana sharubu sita, mkia wake umepasuka katikati kama mkasi, na pezi la mgongoni limesimama mbele likiwa na mwiba mmoja mgumu kama msumari. Kambale huvuta pumzi ya hewa, na kwa hiyo huweza kuvumilia tope la kiangazi na hata kujikokota juu ya ardhi yenye umande kutoka dimbwi moja hadi la pili. Hongwe hawezi hayo; yeye hukaa mahali pa maji mazito, penye tope, karibu na mikoko na midomo ya mito, kama pale Lukuledi inapoingia katika ghuba ya Lindi, na baadhi yao hupanda mito kwa mbali kidogo.

Lakini tofauti iliyo kubwa ni katika uzazi. Kambale jike, mvua kubwa zinapoanza na mabonde kufurika, hutaga mayai madogo kama punje za mtama, au madogo zaidi, nayo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Jike mkubwa hupita laki moja. Mayai hunata kwenye majani yaliyofunikwa na maji, na wazazi wote wawili huenda zao. Kwa muda wa siku moja au mbili hivi huanguliwa, na hao watoto wasiohesabika huachwa waliwe na vyura, ndege, wadudu na samaki wenzao. Wakipona wachache tu, kabila la kambale limeendelea. Mola amempa wingi badala ya malezi.

Hongwe amepewa kinyume chake. Mayai yake ni machache mno, mara nyingi ishirini, thelathini au hamsini hivi kwa uzazi mmoja, lakini kila moja ni kubwa ajabu, sentimita moja na nusu upana wake au karibu na hapo. Mayai ya jamii hii huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa katika samaki wote wenye mifupa. Jike, wakati wa kutaga unapokaribia, huota manyamanyama manene katika mapezi ya tumboni, nayo hudhaniwa kwamba humsaidia kuyapokea mayai yasipotee. Kisha kazi yake imekwisha. Dume ndiye anayeyachukua mayai yote, akayatia kinywani mwake, na humo yakakaa.

Hayakai siku mbili wala tatu. Kwa hongwe wa pwani ya Marekani imepimwa kuwa ni majuma manane au zaidi, na kwa jamaa yake mmoja wa Afrika Kusini, Galeichthys feliceps, malezi yote hupita miezi minne. Kinywa cha dume kinajaa hata koo lake huonekana limevimba. Maji anayoyavuta kwa ajili ya pumzi yake hupita katikati ya mayai na kuyapa uhai, naye huyageuzageuza ili hewa iyafikie yote. Mtoto hukua ndani ya yai akila kiini chake, na baada ya kuanguliwa hubakia mle mle kinywani, na mfuko wa kiini ukining'inia tumboni kama kibuyu, mpaka umalizike. Atakapotoka kuiona bahari huwa ni samaki kamili mwenye urefu wa karibu inchi mbili, mwenye masharubu yake na miba yake, wala si mdudu mwororo kama mtoto wa kambale.

Muda wote huo baba hali. Wataalamu waliowapasua madume wenye mayai wamewakuta matumbo yao matupu na mwili umekonda. E. W. Gudger wa Marekani, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1918, alikusanya ushahidi mwingi wa malezi haya. Hatusemi kwamba samaki hufunga saumu, kwani saumu ni ibada na ibada ina nia. Twasema tu kwamba chakula kinapita mbele ya midomo yake, njaa anayo, nafasi anayo, naye hafumbui kinywa akala. Yule ambaye mama mkwe alimwona mla watoto alikuwa na njaa ya majuma mengi kwa ajili ya watoto wale wale. Wala uchawi haumo.

Pengine atatokea wa kusema kwamba haya ni maneno ya vitabu vya kigeni yasiyoaminika. Hao si wa kwanza kutoamini. Aristotle wa Uyunani, aliyekufa mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kwamba katika mito ya kwao yumo samaki mwenye masharubu ambaye dume lake hubaki peke yake kuyalinda mayai siku arubaini au hamsini, baada ya jike kwenda zake. Vitabu vyake vya wanyama vilifasiriwa kwa Kiarabu katika zama za Bani Abbas, na al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijiria, alivisoma na kuvijadili katika Kitabul Hayawan, akimwita mwandishi wao Bwana wa Mantiki, na mara nyingine akimpinga waziwazi. Huko Ulaya wengi waliidharau habari ya samaki baba, kwa sababu samaki wa kwao wenye masharubu hawakujulikana kuwa na tabia hiyo. Ilipofika miaka ya 1850 mtaalamu Louis Agassiz alipata samaki kutoka Mto Achelous wa Ugiriki, akaona kwamba yule aliyetajwa na Aristotle ni wa namna nyingine kabisa na wale wa Ulaya ya kaskazini, na kwamba mzee wa Kiyunani alisema kweli. Miaka elfu mbili na zaidi ilikuwa imepita. Samaki wa Aristotle hulinda mayai chini, hayatii kinywani. Hongwe wetu amemzidi kwa malezi.

Hongwe ana mengine ya kustaajabisha, nasi tutayataja kwa ufupi. Mvuvi aliyemtoa majini anajua kwamba hukoroma. Sauti ile hutoka katika kibofu cha hewa kinachopigwa na misuli kama ngoma, na nyingine hutoka kwa kusugua mwiba wa pezi katika tundu lake. Kibofu hicho hicho kimeunganishwa na sikio kwa mnyororo wa mifupa midogo, ambao Ernst Heinrich Weber wa Ujerumani aliueleza mwaka 1820, na kwa njia hiyo samaki wa kabila hili husikia vizuri kuliko samaki wengi. William Tavolga aliandika mwaka 1976 kwamba hongwe wa Marekani hutumia sauti yake kutambua vizuizi vilivyo mbele yake, mfano wa popo usiku, ila kwa umbali mdogo sana. Masharubu nayo yamejaa vionjeo kama ulimi. Katika maji ya tope, ambamo jicho halina kazi, huonja ardhi kabla ya kuila.

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Samaki mwenye watoto laki moja akivuliwa, hasara ya bahari ni ndogo. Samaki mwenye watoto thelathini akivuliwa nao kinywani, amekwenda baba na wamekwenda wote thelathini. Jambo hili halitokei kwa mshipi, kwani dume aliyebeba mayai hali chambo. Hutokea kwa jarife lililotegwa mdomoni mwa mto, ambamo miba yake hunaswa mara moja. Hutokea kwa kokoro linalokwangua tope. Na hutokea zaidi kwa baruti, ambayo haichagui. Aghalabu dume aliyenaswa huyatema mayai yakatawanyika na kufa. Akifa ghafla ndipo hubaki nayo, kama yule aliyefika Malolo. Uvuvi wa baruti umekatazwa na sheria za nchi yetu tangu miaka mingi, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imelikariri katazo hilo. Hata hivyo pwani ya Kusini imeujua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Na mikoko ikikatwa kwa ajili ya boriti na kuni, tope lililokuwa malisho ya hongwe huchukuliwa na maji.

Abu Daud amepokea kwamba masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, na mama yao akaja akawa anatandaza mbawa zake juu yao kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) alipoona hayo aliuliza ni nani aliyemsumbua ndege huyu kwa wanawe, akaamuru makinda yarudishwe. Ndege yule alikuwa halali kuliwa, wala amri hiyo haikumfanya kuwa haramu. Kwa maoni yetu mvuvi wa Lindi au wa Kilwa akimwona hongwe hai, koo limevimba, hana hasara kubwa ya kumwachia; samaki aliyekonda kwa njaa ya miezi miwili nyama yake ni chache. Lakini aliyekwisha kufa ni riziki, na kumtupa ni israfu juu ya hasara.

Kwa hiyo tumemwandikia bibi wa Malolo kwamba samaki wake alikuwa halali, naye na mayai yake, na kwamba barua yetu amsomee mama mkwe wake kwa sauti ya upole, bila ya kumwonyesha mtu kidole. Mzee hujua mambo kwa yale aliyoyaona, na mtu aliyezaliwa katika bonde la Mbwemkuru ameona kambale maisha yake yote. Wapi angejifunza kwamba yuko samaki afanyaye kinyume?

Limebaki neno moja la jikoni, nalo si dogo. Hongwe ana miba mitatu: mmoja mgongoni na mmoja katika kila pezi la ubavuni. Imechongoka na ina meno kama ya msumeno, na ngozi inayoifunika ina sumu. Akishtuka huisimamisha na kuifunga kama komeo, na hata akiwa amekufa hubaki imesimama. Ngogo, binamu yake mwenye mwili kama wa mkunga, sumu yake ni kali zaidi. Aliyechomwa atie mkono au mguu wake katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila ya kuungua, yapata digrii 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, akiyabadilisha yanapopoa. Maji hayo yapimwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima, kwa sababu aliyechomwa hupoteza hisia na huweza kuungua asijue. Sumu ile huharibiwa na joto, na maumivu hupungua upesi. Kisha aende zahanati, kwani kipande cha mwiba hukatika ndani, na sindano ya pepopunda haifai kuachwa. Asikate jeraha kwa wembe wala asifunge kamba.

Wachuuzi wengi hukata miba hiyo forodhani, lakini si wote. Anayemnunua mzima aikate kwanza kwa koleo au kisu kizito, kabla ya kumsugua kwa majivu au chumvi na ndimu ili kuondoa utelezi, na miba yenyewe isitupwe uani wanapokanyaga watoto, bali ichomwe pamoja na takataka au izikwe shimoni.